Kilo za Mtu Mwingine

Siku ya kumi na tisa, kaka mtu alilipata kosa. Kumi na tisa ni nyingi kwa mtu asiyekula sawasawa wala kulala. Alisukuma kiti nyuma, akamwita mama yake.

"Mashine ndiyo iliyokosea, mama. Si mwanao."

Mdogo wake wa kike, muuguzi, alikuwa rumande tangu mtoto wa kilo ishirini afe kwa kuzidishiwa dawa. Hukumu ilikuwa kesho kutwa. Mashine ya dripu ndiyo hupima dawa kwa uzito wa mgonjwa, na nani angeitilia shaka mashine? Majirani walishaacha hata kuwasalimu.

Kwa polisi, kwa wakili, kwa kaka yake, muuguzi alirudia yaleyale: "Niliingiza kilo ishirini. Mtoto hapati nafuu, namtazama tu. Sikuongeza hata tone."

Kaka yake alimwamini. Aliishi kwa kuandika programu, mahakama ikamruhusu aichambue ya mashine ile.

"Nieleze taratibu, mimi mzito," mama alisema.

"Sehemu moja ya programu inaipa nyingine namba tano ipige hesabu. Ya tano ni uzito. Kompaila, ile inayotafsiri programu kwa ajili ya mashine, zamani iliweka nne kwenye rejista, yaani mkononi kabisa. Ya tano iliiacha kwenye lundo, huko kwenye kumbukumbu. Sasa sehemu ya kwanza wameitafsiri kwa kompaila mpya, inayotia zote mkononi. Ya pili hawakuigusa. Bado inaifuata ya tano kwenye lundo."

"Inakuta nini?"

"Masalia. Uzito wa mgonjwa aliyetangulia."

Mama alikaa. "Akiwa mtu mzima, pande la mtu?"

"Mtoto anapewa dozi ya pande la mtu."

"Na hao wamesoma," mama alisema, akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba ule. Akaenda kupiga pasi gauni la binti yake.

Kaka mtu alimpigia wakili, akamwomba jambo moja tu: aangalie daftari la wodi, nani alitangulia kwenye mashine ile.

Alasiri wakili alipiga. Sauti yake ilikuwa imechoka.

"Nimemwona aliyetangulia. Kichanga, kilo mbili na nusu. Kwa hesabu yako, mashine ilimpa mtoto dozi ya kichanga, haba mno. Sasa niambie, ile dawa nyingine mtoto alipewa na nani?"