Riwaya ya Shoga Yake

Sebule ilifurika majirani. Makame akampa mkewe, Riziki, riwaya mpya ya shoga yake Bishara.

"Tusomee, mke wangu. Mtaa wetu nao umetoa mwandishi!"

Riziki alisoma kwa madaha hadi bibi wa kitabuni alipopata mimba. Hapo akaikuta siri yake mwenyewe, aliyomnong'oneza Bishara siku wanasukana: mtoto si wa mume.

Mtoto wake alikuwa kalala mapajani mwa Makame.

"Mbona umenyamaza? Mimba ya nani, shoga?" majirani wakapiga kelele.

"Ya... ya mumewe," akajitungia.

"Aa, mbona imepoa hivyo!" wifi yake akacheka. Akavaa miwani, akasogeza kigoda nyuma ya Riziki, kidole chake kikatua kwenye mstari wa kwanza wa ukurasa ule.