Daftari Mbili za Chanjo

Miaka hiyo kila nyumba ilitoa mtu mmoja wa kujaribiwa chanjo mpya, na aliyebaki akawa muuguzaji wake, wa kumpima joto na kuandika daftarini kwa siku sitini. Nyumbani kwa Mbonea, huko milimani Usangi, walikuwa wawili tu, yeye na mkewe Nakijwa, nao walibishana siku tatu.

“Nitachanjwa mimi,” alisema Mbonea. “Wewe una presha.”

“Na wewe una pumu, Baba Elinami. Naenda mimi Alhamisi, yaishe.”

Mbonea akajifanya ameshindwa. Jumanne akabeba panga kama anayekwenda kumkatia ng’ombe majani, akateremka hadi zahanati ya bondeni, akachanjwa. Akarudi na mzigo wa majani, moyo mweupe.

Alimkuta mkewe akipakua makande kwa mkono wa kulia. Tangu amwoe, Nakijwa alipakua kwa mkono wa kushoto.

“Mama Elinami, umefanya nini?”

“Jana, ulipokwenda kwenye kikao cha mfereji, nilipanda zahanati ya juu.”

Mbonea akapandisha mkono wa shati, akamwonyesha plasta. Wakacheka mpaka upawa ukamponyoka Nakijwa.

Kisha wakaweka daftari zao mezani. Palipotakiwa jina la muuguzaji, Nakijwa alikuwa ameandika Mbonea, na Mbonea alikuwa ameandika Nakijwa. Kicheko kikaisha.

Nakijwa akasogeza kigoda, akampachika mumewe kipimajoto kwapani.

“Basi,” akasema, “tuombe tusiugue wote siku moja.”