Kitambaa cha Mezani

Mtoto alikataa kupakatwa na mtu yeyote ila yaya wake, Sikudhani, na mpiga picha alitaka wote watulie tuli mpaka ahesabu thelathini, maana kamera za wakati ule zilimtia ukungu kila aliyetikisika. Mpiga picha akashika kiuno, akafikiri, kisha akavuta kitambaa cha mezani, kile kizito chenye matamvua.

"Mfunikeni yaya gubigubi," akasema. "Kwenye picha ataonekana kiti."

Bi Zuwena, mama wa mtoto, akamfunika kwa mkono wake mwenyewe. "Vumilia kidogo, Sikudhani. Hii ni picha ya familia, unaelewa."

"Haya, bibi," Sikudhani akajibu kutoka ndani ya kitambaa.

Mle ndani mlikuwa na giza na joto. Mtoto huyu alikuwa amelala kifuani pake tangu ana siku saba. Alipowekewa mapajani, Sikudhani akamshika kiuno kupitia kitambaa, akabana pumzi, akawa kiti.

Baada ya wiki mbili picha ikaletwa, ikatundikwa sebuleni. Baba wa mtoto alionekana vizuri, hadi udevu mmoja mmoja. Bi Zuwena naye alitoka na shanga zake zote. Ila mtoto hakuwa na uso. Palikuwa na ukungu mweupe tu.

"Alitikisika," Bi Zuwena akalalamika. "Sijui alikuwa anatafuta nini."

Lakini kila asubuhi, akipangusa vumbi, Sikudhani alisimama mbele ya ule uso uliofutika. Haukuelekea kwa baba, wala kwa mama. Ulikuwa umegeukia nyuma, kwenye kiti.