Joto Kitini

"Weka mkono hapa." Mama alimshika Fundi kiganja, akakikandamiza juu ya mto wa kiti. "Umesikia joto?"

Alilisikia. Halikuwa joto la jua, maana dirisha lilikuwa upande wa pili. Lilikuwa joto la mtu aliyeinuka sasa hivi.

"Mzee ameondoka si muda," mama alisema, uso umemchanua. "Huja saa kumi. Nikienda jikoni kumchemshia chai, nikirudi kashaondoka."

Mzee, baba yake Fundi, alikuwa kaburini, mwezi wa nane sasa.

Mtaa mzima ulimwita Fundi, kwa sababu ya kibanda chake cha kutengeneza simu na redio. Tangu msiba hata mama yake alimwita hivyo, naye akalipokea jina hilo kama cheo. Kila mchana alifunga kibanda, akaja kumtazama: leo bomba linavuja, kesho swichi imelegea. Lakini hii habari ya saa kumi ilimkosesha raha. Alipokuwa kazini aliunguza simu za watu kwa kuwaza. Mzimu hauachi joto kitini. Mtu anaingia humu. Na nani, kama si yule mstaafu wa posta wa nyumba ya pili, mwenye salamu ndefu kuliko barua zote alizowahi kupeleka?

Mara mbili alikuja saa kumi, akakaa akitikisa mguu mpaka magharibi. Hakuja mtu.

"Akiona wageni haji," mama alimweleza.

"Basi niweke kamera, mama."

"Thubutu! Nipigwe picha ndani mwangu kama mwizi?"

Ndipo alipokikumbuka kidude chake cha bei poa, cha kuchomeka kwenye simu, kinachoona joto badala ya mwanga. Mbele yake mtu huwa doa jeupe tu, halina sura wala nguo. Akajiambia kwamba doa si picha. Alijua anajidanganya, lakini bisibisi ilikuwa tayari mkononi.

Kidude chenyewe kilikuwa kipofu nusu. Lenzi yake ilikuwa imegandishwa kiwandani kwa gundi. Fundi aliikwangua gundi kwa sindano, akaizungusha lenzi kwa kibano, unywele kwa unywele, mpaka birika la moto la upande wa pili wa kibanda likaonekana ukingo wake. Betri ilidumu nusu saa. Akaunga nyingine, ya kompyuta iliyokufa. Programu yake ilijizima kila baada ya dakika kumi. Akaifuta, akaweka nyingine iliyoandikwa na wapenzi wa vidude kama yeye. Kwa haraka yake akajiunguza kidole kwa pasi ya kulehemu.

Akavificha vyote ndani ya redio mbovu ya sebuleni, nyuma ya kioo chake. Alipojaribu, aliona uso wake mwenyewe: joto halipenyi kioo, hurudi lilikotoka. Akang'oa kioo, akawamba kipande cha mfuko mwembamba wa plastiki, unaopitisha joto.

"Unatengeneza redio, fundi?" mama aliuliza, akipita na ufagio.

"Ndiyo, mama."

"Mungu akubariki."

Kesho yake alifika saa kumi na moja, jasho linamtoka. Hata salamu aliitoa akiwa ameshaelekea kwenye redio. Mama akaenda jikoni. Fundi akaitoa simu ndani ya redio, akaketi kwenye kigoda, akaanza kuangalia alivyomnasa mstaafu.

Mlango wa mbele haukufunguka. Aliipeleka picha mbele, akairudisha nyuma. Haukufunguka.

Saa kumi kasoro doa jeupe lilitokea upande wa jikoni. Lilitembea polepole, likaketi katika kiti cha mzee, likajikunja na kutulia. Dakika ishirini. Kisha likainuka, likarudi jikoni, na kitini likabaki umbo hafifu la mtu, linafifia.

Doa likarejea. Safari hii lilibeba vidoa viwili vidogo, vikali kama makaa: vikombe viwili vya chai. Likaweka kimoja mbele ya kiti. Likainama, likaugusa mto. Likasimama wima, likageuka huku, likageuka kule, kama mtu anayemtafuta mwenzake chumbani.

Siku nzima, sebule nzima, kulikuwa na doa moja tu.

Fundi aliizima simu. Alimwonea aibu yule mstaafu wa watu, na zaidi alijionea aibu mwenyewe. Alisikia kandambili zikiburuta kutoka jikoni, akajua ana hatua kama kumi za kuamua atasema nini. Akaiwasha tena, akafuta kila kitu.

Mama aliingia na vikombe viwili. Akavitua, akanyoosha mkono kwenye mto wa kiti, akaukuta wa baridi.

"Leo hakuja?" sauti ilimpungua.

"Alikuja, mama. Alikaa sana leo."

Uso ukamchanua tena. Akampa Fundi kikombe, na hapo akakiona kidole chenye lengelenge. Akakipuliza taratibu, kama anavyopulizwa mtoto.

"Pole, baba. Una roho nzuri wewe," alisema. "Mama yako yu hai?"

Fundi alikitua kikombe kando ya redio.

"Kama yu hai, nenda ukamwone. Mimi nina mwana mmoja tu, fundi kama wewe. Tangu msiba hajakanyaga hapa."