Mfuniko Mwekundu

Kila nyumba iliyofiwa kwa kipindupindu ilipewa chupa mbili. Ya mfuniko mweupe ilikuwa na virusi wanaoua bakteria wa ugonjwa huo. Ya mfuniko mwekundu ilikuwa na bakteria wenyewe, waliotolewa mwilini mwa marehemu, kwa sababu virusi wakikosa bakteria wa kula nao hufa. Kwetu marehemu alikuwa Nyamizi, mwanangu wa kwanza. Miaka sita niliwapikia bakteria hao mchuzi wa nyama kila asubuhi, wao kwanza, ndipo nibandike chai ya wadogo zake.

Walioharisha mtaani walikuja na vijiko vyao, nikawadondoshea virusi. Hakuna aliyekufa tena.

Jana bwana afya alibisha hodi.

"Shikamoo, Mama Nyamizi. Ugonjwa umekwisha nchi nzima. Tunazimwaga chupa."

"Zote mbili?"

"Zote, mama. Pole."

Nikaimwaga nyeupe ndani ya ndoo yake ya dawa, kisha nyekundu. Akanishukuru, akaenda nyumba ya pili.

Taarifa ya kuja kwake ilikuwa imetangulia kwa wiki nzima, kwa hiyo nilipata muda wa kufikiri. Ile nyekundu aliyoiona ilikuwa na mchuzi mtupu. Virusi niliweza kuagana nao, hawakuwa wangu. Lakini wale wengine walitoka kwa mwanangu.

Leo asubuhi nimewapa mchuzi wao kwenye chupa niliyoificha kabatini, nikanawa mikono mara tatu. Kisha nikawamiminia wadogo zake chai.