Kukimbia Ni Kufeli

Msichana aliyeongoza shule nzima katika mtihani wa mwisho alitoka mochwari mbio, akaimaliza korido kwa kiatu kimoja. Kingine kilibaki mlangoni, kimelala ubavu.

Mkuu wa mochwari, mzee mnene mwenye buti za mpira, alikiokota akakiweka dirishani, karibu na kofia na miwani ya waliomtangulia. Kisha akaita, "Anayefuata."

Aliyefuata aliitwa Dokta. Mama yake ndiye aliyembandika jina hilo siku aliyozaliwa, maana kwao kila mtu alivaa koti jeupe: baba alitibu macho, mama aliongoza wauguzi, kaka aling'oa meno, dada aliuza dawa. Yeye alipata D ya baiolojia, na hiyo ndiyo iliyokuwa afadhali. Udaktari ulimkataa, uuguzi ukamkataa, ufamasia haukujisumbua hata kumjibu. Ikabaki kozi ya uhudumu wa mochwari, nafasi moja tu, na mama alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba mwanawe anakwenda kusomea mambo ya hospitali. Akirudi mikono mitupu, kesho yake anaanza kubeba saruji dukani kwa mjomba.

"Sharti ni moja," mkuu alimwambia. "Unakaa humo nusu saa na maiti aliye mezani. Ukitoka mbio, umefeli. Niwe nimeshakupa nafasi au bado sijakupa, ukikimbia ndani ya geti hili umefeli. Huku kwetu hatukimbii."

"Sawa, mzee."

Dokta hakuwa na wasiwasi hata chembe. Binamu yake alifeli usaili huohuo mwaka uliopita, akamvujishia siri: anayelala chini ya shuka ni mwalimu wa chuo. Huingia kwa mlango wa nyuma, hujilaza, kisha huanza kuzungumza, na hapo ndipo watu hutimua mbio. "Wewe piga naye soga tu," binamu alisema. "Anapenda watu wachangamfu."

Chumba kilikuwa cha vigae vyeupe, na baridi yake iling'ata masikio. Katikati palikuwa na meza moja ya chuma, na juu yake mtu mrefu aliyefunikwa shuka, miguu ikibaki nje. Dokta akavuta kigoda, akaketi, akakunja nne.

Haukupita muda, sauti ikatoka chini ya shuka. "Na wewe umefuata nini huku?"

"Habari za leo, mwalimu."

"Mwalimu nani? Mimi fundi bomba."

Dokta akatabasamu. Jamaa aliijua kazi yake. "Haya, fundi. Nimefuata kazi. Kwingine kote alama zangu zimekataliwa."

"Mbaya kiasi gani?"

"Baiolojia D. Kemia tusiitaje."

"Usivunjike moyo. Aliyenitibu mimi alikuwa na A tupu."

Dokta alicheka mpaka kigoda kikalia. Akajikuta anamwaga yote yaliyomjaa kifuani: majirani, saruji, na baba yake, ambaye siku hizi kabla ya kumtazama huvua miwani kwanza. Mwenzake alisikiliza bila kumkatiza. Hata pumzi yake haikusikika. Kwao hakuna aliyewahi kumsikiliza hivyo, na Dokta aliona moyo wake umekuwa mwepesi.

"Unaitwa nani, kijana?"

"Dokta."

"Basi sogea nyuma kidogo."

"Ni jina tu, fundi. Sijasomea chochote."

"Hapo sawa. Tena kazi hii itakufaa, hakuna mgonjwa atakayekufia mikononi. Hebu nifunike miguu."

Dokta akaifunika. Vidole vilikuwa vya baridi kama bomba la alfajiri, na alimwonea huruma mwalimu wa watu kwa kulazwa juu ya chuma tangu asubuhi. Akamchomekea shuka pande zote, jinsi mama alivyokuwa akimfanyia yeye utotoni.

"Asante. Mke wangu akija, msimwache amesimama. Magoti yake mabovu."

Nusu saa ilipotimia, mkuu aligonga mlango kwa kiatu cha yule msichana. Dokta akatoka akitembea. Mkuu akampa mkono, akamwambia nafasi ni yake, akamvisha koti jeupe. Mikono ya koti ilimzidi urefu, lakini alilipenda hivyohivyo. Aliona kabisa jinsi mama atakavyolianika upande wa majirani.

"Mwalimu kasema mkewe akija apewe kiti," alikumbuka. "Anaumwa magoti."

Mkuu akacheka mpaka tumbo likamtikisika. "Mke gani? Yule hata kuoa hajaoa. Ana utani huyo."

Hajamaliza kucheka, mlango wa mwisho wa korido ukafunguliwa, akaingia mwalimu wa chuo, anahema, mikono imejaa grisi.

"Samahani, mkuu. Tairi lilipasuka njiani, ndiyo kwanza nafika. Nimechungulia kwa mlango wa nyuma nikaona yule fundi bomba wa jana bado yuko mezani. Sasa mimi nilale wapi?"

Mkuu ndiye aliyekimbia wa kwanza, na buti lake moja likabaki katikati ya korido. Dokta naye miguu ilimwasha, ila sharti alikuwa hajalisahau. Kwenye mlango uliobaki wazi alisimama mama mmoja, ameegemea ukuta, anasugua magoti. Dokta akatembea, polepole kabisa, kwenda kumtafutia kiti.