Mkono Uliogusa Gauni

"Hakuna mkono uliogusa gauni hili isipokuwa huu wangu," Malkia Zebaki alijigamba mbele ya kamera, kiuno kikizunguka kama feni mpya.

Chini ya wigi na kope za bandia alikuwamo Hamdani, mwanamume mwenye ndevu zilizonyolewa mara mbili asubuhi ile. Katika shindano hili la runinga la wanaume wanaovaa kike walibaki wawili, na sharti lilijulikana: anayeshonewa na mtu mwingine anafungasha virago.

"Wewe hata kifungo kinakushinda," alisema mpinzani wake, Bi Kashata. "Bega hilo limekatwa na fundi mwenye uzoefu wa miaka thelathini."

"Wivu utakubandua poda, shoga."

Ukumbi ukazomea. Jaji, ambaye hakumpenda yeyote kati yao, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu shindano lianze.

"Wiki ya fainali huwa tunaleta ndugu bila kuwaambia. Zebaki, shangazi yako huyu hapa."

Shangazi aliingia na futi ya kupimia shingoni, hakusalimia mtu. Alimkagua mpwa wake toka juu mpaka chini, akasonya.

"Simama wima."

Hamdani alisimama wima, mikono juu, kabla hajajizuia. Shangazi akapiga magoti, akaingiza vidole ndani ya pindo, akachomoa pini bila hata kuitafuta. Akaibana midomoni. Akachomoa ya pili, na ya tatu.

"Mama," jaji aliuliza taratibu, "umejuaje zilipo?"

Shangazi alimtazama Hamdani, midomo imefumbwa, imejaa pini.